Kutunza mimea inayokula wadudu nyumbani Mwanza: maji, mchanganyiko, jua na friji

Mimea mingi inayokula wadudu hufia mikononi mwa watu walioipenda. Imepandwa kwenye udongo mweusi wenye samadi, ikanyweshwa maji ya kisima kila asubuhi, kisha ikawekwa sebuleni karibu na televisheni ili wageni waione. Asili yake ni mahali pasipo na rutuba: vinamasi vyenye uchachu, mchanga mtupu, miamba inayochuruzika maji. Mizizi yake ni midogo na imezoea maji yasiyo na chumvi. Naitrojeni na fosforasi inazozikosa ardhini inazipata kwa mdudu, kupitia majani. Ukiweka mbolea mizizini umeiunguza.

Mwongozo huu ni kwa anayeishi Mwanza au popote kwenye mwambao wa Ziwa Victoria, kuanzia Bukoba hadi Musoma.

Chagua mmea unaoiweza Mwanza

Mwanza iko karibu mita 1,140 juu ya usawa wa bahari, nyuzi mbili na nusu tu kusini mwa ikweta. Mchana joto huwa nyuzi 26 hadi 30, usiku 16 hadi 19, na tofauti kati ya Januari na Julai ni ndogo. Baridi ya kweli haipo. Hilo ndilo linaloamua upande nini, kabla hata hujauliza bei.

Drosera ndiyo ya kuanzia, hasa Drosera capensis kutoka Rasi ya Afrika Kusini. Majani yake ni marefu na membamba, yamejaa vinywele vyekundu, na kila kinywele kina tone la gundi kichwani. Mdudu akinasa, vinywele vya jirani huinama kumwelekea na jani lenyewe hujikunja taratibu kumzunguka. Haihitaji kipindi cha baridi, inavumilia makosa ya mgeni, na maua yake hujichavusha yenyewe. Drosera spatulata ni fupi na inatanda chini, matunzo ni yale yale. Baraza lenye kivuli litapendwa zaidi na Drosera adelae ya Queensland, Australia.

Nepenthesi ni ile inayoning'iniza vikombe kwenye ncha za majani. Asili yake ni Asia ya Kusini-Mashariki, na zipo pia Madagaska na Shelisheli. Chotara anayeitwa ventrata anaifaa Mwanza sana: anapenda joto la mchana la hapa na usiku wetu wa wastani haumsumbui. Aina za nyanda za chini, kama Nepenthes ampullaria, zitadumaa kidogo Juni na Julai.

Dionea ndiyo yenye mdomo unaofumba, ambayo kila mtu ameiona kwenye video na ndiyo kila mtu anaitaka kwanza. Ushauri wetu ni kuiacha kwanza. Inatoka eneo dogo la North Carolina na South Carolina huko Marekani, ambako majira ya baridi huilaza kwa miezi mitatu minne kila mwaka. Hapa bila friji itaonekana nzuri mwaka wa kwanza, wa pili itatoa mitego midogo, kisha inaisha. Sarasenia, yenye mabomba yaliyosimama, ina tabia hiyo hiyo na kwa kuwa ni kubwa haiingii hata kwenye friji kirahisi.

Kuna utrikularia pia, mmea usio na mizizi wenye vifuko vidogo vinavyovuta maji na viumbe vidogo kwa chini ya sekunde moja. Nyingine huelea majini, nyingine huishi kwenye udongo tepetepe. Utricularia livida na U. sandersonii huwekwa kwenye mchanganyiko ule ule wa drosera, zikalowa muda wote, zikatoa maua madogo karibu mwaka mzima. Wadudu wenyewe hutawaona wakiliwa, maana kila kitu kinafanyika chini ya udongo.

Kuhusu kuupata: ukiagiza mmea nje ya nchi unahitaji kibali cha kuingiza kutoka Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA), na anayekuuzia akupe cheti cha afya ya mimea cha nchi yake. Nepenthesi, dionea na sarasenia ziko pia chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, hivyo zina karatasi zake za ziada. Drosera haziko humo. Usiende kung'oa za porini. Tanzania ina drosera zake, Drosera madagascariensis mojawapo, lakini ya kinamasini ikihamishwa na mizizi yake huwa haidumu. Na mtu anayeingia kwenye maji ya kando ya ziwa kutafuta mimea anajitafutia kichocho.

Maji ndiyo kazi yenyewe

Ukikosea kila kitu kingine mmea utalalamika. Ukikosea maji mmea utakufa, ila taratibu, baada ya miezi miwili au mitatu, wakati umeshasahau ulimwagia nini. Chumvi za kwenye maji hubaki kwenye udongo kila maji yanapokauka, zikaongezeka wiki baada ya wiki hadi mizizi ikashindwa.

Nunua kipima TDS, kile chenye umbo la kalamu wanachotumia mafundi wa mashine za kuchuja maji. Kinasoma miligramu za chumvi kwa lita, kwenye kioo huandikwa ppm. Chini ya 50 ni maji mazuri. Kati ya 50 na 100 yanavumilika kwa muda, mradi kila mwezi unasuuza kopo kwa maji safi. Zaidi ya 100 usiyatumie.

Maji ya mvua ndiyo bora, na Mwanza inayo: vuli ya Oktoba hadi Desemba na masika ya Machi hadi Mei. Mita moja ya mraba ya bati ikinyeshewa milimita 10 inakupa karibu lita 10, kwa hiyo kipande kidogo cha paa kinatosha. Mvua mbili za kwanza baada ya kiangazi ziache ziende zake; zinaosha vumbi, moshi na mavi ya ndege. Katikati ya msimu, acha dakika kumi za mwanzo zipite kabla ya kutega. Bati lenye kutu au lililopakwa rangi karibuni liepuke, tega moja kwa moja kwa beseni pana uwanjani. Chuja kwa kitambaa, weka kwenye madumu ya lita 20, funga vizuri na yaweke kivulini yasiote ukijani.

Utahitaji kiasi gani? Beseni la sentimita 40 kwa 30 lenye makopo matano hupoteza karibu nusu lita hadi lita moja kwa siku ya jua kali. Kuanzia Juni hadi Septemba mvua ni ya kubahatisha, hivyo beseni moja linataka lita 60 hadi 120. Weka akiba ya madumu sita mwishoni mwa Mei na hutahangaika.

Maji ya bomba ya Mwanza yanatoka ziwani, na ziwa lenyewe lina chumvi kidogo kuliko visima vingi vya mtaani. Yapime, yakisoma chini ya 100, yaache kwenye ndoo wazi siku moja klorini ipungue na uyatumie kwa dharura ya wiki moja au mbili, kisha suuza kwa maji ya mvua. Maji unayochota mwenyewe ufukweni ni jambo jingine. Chumvi inaweza kuwa ndogo, lakini kando ya mji yamebeba rutuba nyingi na mwani, na ndani ya wiki mbili uso wa kopo utafunikwa na utando wa kijani.

Kuchemsha maji hakusaidii hapa. Maji yanapungua, sehemu kubwa ya chumvi inabaki. Shabu ya kusafishia maji inaongeza chumvi, na dawa ya kutibu maji ya kunywa inaongeza klorini. Maji mengi ya chupa ya dukani yameongezewa madini, soma kiasi cha TDS kwenye lebo. Maji ya betri yaliyotoneshwa yanafaa kabisa, lakini angalia unachouziwa: kwenye rafu hiyo hiyo kuna asidi ya betri, na chupa zinafanana. Maji yanayodondoka kwenye kiyoyozi nayo hufaa kama mashine inasafishwa, yapime kwanza.

Mchanganyiko wa kupandia

Unataka kitu kinachoshika maji, kinachopitisha hewa, chenye uchachu, kisicho na chakula. Kwa drosera, dionea na utrikularia ya nchi kavu, chukua kopo moja la pitimosi (mabaki ya kuvumwani yaliyooza nusu kwenye vinamasi) na kopo moja la mchanga wa silika au perlaiti (chembe nyeupe nyepesi za mawe ya volkano).

Pitimosi inauzwa na wauzaji wa pembejeo kwa ajili ya trei za miche. Hapo ndipo wengi wanapoponzwa. Pitimosi ya miche mara nyingi imeshachanganywa mbolea na chokaa, na mfuko wake unafanana na ile tupu. Soma maandishi yote ya nyuma. Ukiona NPK, chokaa, au pH (kipimo cha uchachu) ya 5.5 hadi 6.5 imeandikwa, rudisha. Tupu huwa na pH ya karibu 3.5 hadi 4.5. Kama huna uhakika, loweka konzi moja kwenye nusu lita ya maji ya mvua usiku kucha, kisha pima: ikiongeza zaidi ya 50 juu ya kipimo cha maji yenyewe, si yako hiyo.

Ukikosa pitimosi, vumbi la makumbi ya nazi kutoka pwani linaweza kufanya kazi, lakini lina chumvi. Loweka saa 24 kwenye maji ya mvua, kamua, mwaga, rudia mara nne au tano hadi maji ya kukamua yasome chini ya 50. Ni kazi ya kuchosha na inakula maji. Kwa drosera inakubalika. Kwa dionea tusingeshauri.

Mchanga, tafuta wa mawe ya kwetu, ule mweupe wenye chengachenga unaotoka kwenye miamba ya itale. Wa ufukweni una vipande vya makombe ya konokono, na hayo ni chokaa. Kupima ni rahisi: weka kijiko kimoja kwenye kikombe, mimina siki. Ukitoa mapovu, uache. Usipotoa, uoshe kwa kuukoroga kwenye ndoo mpaka maji ya juu yawe meupe, huwa ni mara saba au nane, na suuzo la mwisho liwe la maji ya mvua.

Udongo wa mbuga, mboji, samadi, majivu, DAP, yurea: hakuna hata chembe. Vyungu vya udongo wa kuchomwa na vya saruji navyo viache, kwani hutoa madini polepole. Tumia plastiki. Ndoo ndogo ya lita moja au chupa ya maji ya lita 1.5 iliyokatwa nusu inatosha, mradi ina kina cha sentimita 10 hadi 12 na umetoboa chini matundu manne au matano kwa msumari wa moto.

Kupanda

1. Changanya vikiwa vikavu, kisha ongeza maji ya mvua kidogo kidogo huku ukikanda kwa mkono. Pitimosi kavu hukataa maji mwanzoni, maji yakateleza juu yake. Endelea mpaka ukikamua konzi moja yatoke matone machache.

2. Jaza kopo bila kushindilia. Ligonge mezani mara mbili vishuke, acha sentimita moja kutoka mdomoni.

3. Mwagia maji ya mvua kwa juu hadi yatoke chini, kisha pima yale yaliyotoka. Yakiwa juu ya 100, mwagia tena.

4. Toboa shimo kwa kijiti, shusha mizizi wima, rudishia taratibu. Mizizi ya drosera ni myembamba na myeusi. Weusi huo si kuoza. Kitovu cha mmea, pale majani mapya yanapotokea, kibaki juu ya udongo.

5. Weka kopo kwenye beseni lenye maji ya kina cha sentimita 2. Kwa dionea sentimita 1 inatosha.

6. Kwa siku saba hadi kumi mpe kivuli chepesi, kisha mwongezee jua kwa awamu: saa moja, mbili, tatu.

Matone ya gundi yatapotea baada ya kuhamisha. Usihangaike nayo. Angalia jani jipya litakalotoka. Likiwa na matone mmea umeshika, hata kama ya zamani yote yamekauka.

Mahali pa kuweka

Drosera capensis inataka jua la moja kwa moja saa nne au zaidi, dionea saa sita. Baraza la mashariki ndilo rahisi kuliko yote, linapata jua la asubuhi mwaka mzima. Baraza la kaskazini hupata jua zaidi mwezi Juni na la kusini Desemba, kwa sababu hapa jua huhama pande zote mbili za kichwa. Wanaoishi juu kwenye miamba, Isamilo au Capri Point, wakumbuke kwamba jiwe la itale likipata jua la mchana linatoa joto hadi usiku. Beseni lisikae juu yake moja kwa moja, inua kwa matofali mawili.

Dirishani ndani ya nyumba mwanga huwa mdogo kuliko macho yanavyodhani. Kipimo ni rangi: drosera yenye mwanga wa kutosha huwa nyekundu kwenye vinywele, iliyokosa huwa kijani kitupu na majani yanalala. Ukilazimika kuiweka ndani, funga taa ya LED nyeupe ya wati 15 hadi 20, sentimita 20 hadi 25 juu yake, kwa saa 12 hadi 14.

Kuku wa kienyeji watachakura kopo lolote lenye udongo laini, hivyo weka juu ya meza. Mijusi wa miambani, wale wenye kichwa chekundu na mwili wa buluu, hawali mmea lakini huja kuiba wadudu walionaswa na kuangusha makopo.

Chakula, na usiku wa visubi

Mmea ulioko nje unajilisha. Ulioko ndani mpe mdudu mmoja au wawili kila wiki mbili au tatu: nzi mdogo, mbu, sisimizi. Nyama, dagaa, jibini, hivyo vina mafuta na chumvi, vitaoza na kuua jani.

Dionea ina sheria zake. Mtego hufumba vinywele vya ndani vikiguswa mara mbili ndani ya sekunde 20 hivi, kisha mdudu aendelee kuhangaika ndipo majimaji ya kumeng'enya yatoke. Ukimpa mdudu aliyekufa, mtego utafumba na kufunguka kesho yake bila kula kitu, isipokuwa uuminye taratibu kwa vidole kwa nusu dakika baada ya kufumba. Mdudu asizidi theluthi moja ya mtego. Akiwa mkubwa kingo hazizibi, bakteria wanaingia, mtego unaoza. Kumeng'enya huchukua siku tano hadi kumi na mbili, na kila mtego una uwezo wa milo michache tu maishani. Kwa hiyo watoto wanaoufumbisha kwa kijiti ili wacheke wanaumaliza bure.

Sasa, visubi vya ziwani. Huibuka kwa makundi yanayoonekana kama moshi juu ya maji, zaidi siku za mwezi mwandamo, na upepo ukiwaleta mjini hufuata taa. Drosera iliyo chini ya taa ya baraza itaamka imefunikwa mamia ya visubi, na hiyo si sherehe. Jani lililojaa namna hiyo haliwezi kumeng'enya wote. Mabaki huota ukungu wa kijivu, na ukungu ukifika kwenye kitovu mmea mzima umekwenda. Usiku ule zima taa ya baraza au funika beseni kwa chandarua. Kama umechelewa, nyunyizia maji ya mvua kwa chupa ya dawa asubuhi kuwaosha, kata kwa mkasi majani yaliyofunikwa kabisa, na uache jua na upepo vipite. Baada ya siku tatu nne gundi itarudi.

Mbu

Beseni lenye maji yaliyotuama ni mazalia ya mbu, na mmea haukusaidii hapo: drosera itakamata mbu mmoja mmoja wakati beseni linazalisha makumi. Kila siku ya tano au ya sita mwaga maji yote, futa kuta za beseni kwa kitambaa kuondoa mayai, weka mengine. Au jaza beseni kokoto safi za itale hadi juu ya usawa wa maji, pasiwe na uso wa maji wazi. Mafuta ya taa usimwage, yatapanda kwenye udongo na kuua mizizi.

Dionea na friji

Kama bado unaitaka, itabidi uilaze kila mwaka kwa wiki 10 hadi 12 kwenye nyuzi 3 hadi 7. Mmea uliotoka nchi za kaskazini karibuni uulaze Novemba hadi Januari kama ulivyozoea. Baadaye uhamishie Juni hadi Agosti, ambapo usiku wa hapa angalau umepoa.

Wiki mbili kabla, punguza maji: udongo uwe na unyevunyevu tu. Ng'oa mmea, osha mizizi kwa maji ya mvua, kata mitego yote iliyoiva na ubakize majani madogo ya katikati. Utabaki na kitu kama kitunguu kidogo cheupe chenye mizizi. Kifunge kwenye sfagnamu (kuvumwani wa kinamasini uliokaushwa) iliyolowa na kukamuliwa sana, weka kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko, toboa matundu mawili. Rafu ya chini ya friji, mbali na ukuta wa nyuma ambako barafu hushika. Kila wiki mbili fungua na uangalie. Ukungu ukionekana, kata sehemu hiyo, osha, badilisha sfagnamu. Umeme ukikatika saa kadhaa si tatizo, friji ikibaki imefungwa. Tatizo ni mtu wa nyumbani kutoa kopo asilolijua, kwa hiyo andika juu yake.

Ukitoa, panda kwenye mchanganyiko mpya, wiki moja kivulini. Ikitoa bua la ua, likate likiwa sentimita 5, kwani ua hula nguvu ya mmea uliotoka kulala.

Nepenthesi

Hii haikai kwenye beseni. Mizizi yake inataka hewa: sehemu mbili za sfagnamu, moja ya perlaiti, moja ya vipande vya makumbi ya nazi vilivyolowekwa na kuoshwa kama ilivyoelezwa. Mwagia juu hadi maji yatoke chini, rudia uso unapoanza kukauka, kwa kawaida kila siku mbili, kila siku mwezi Agosti. Ining'inize chini ya neti ya kivuli ya asilimia 50 au baraza lenye mwanga mwingi bila jua la mchana.

Isipotoa vikombe, mara nyingi ni mwanga mdogo au hewa kavu. Upepo wa kiangazi hukausha vikombe vichanga vya kwenye ncha za majani kabla havijavimba. Ihamishie pembeni mwa ukuta na uweke ndoo ya maji iliyofunikwa neti karibu yake. Majimaji ya ndani ya kikombe ni ya mmea wenyewe, usiyamwage. Yakimwagika njiani, weka maji ya mvua hadi robo ya kikombe.

Kuzidisha drosera

Chukua jani zima la D. capensis lenye afya, si la zamani sana, likate karibu kabisa na shina. Liweke kwenye chupa ya kioo yenye maji ya mvua sentimita 5, likae limezama, funga mdomo, weka penye mwanga bila jua la moja kwa moja. Gundi itayeyuka na jani litaonekana limekufa nusu. Wiki ya tatu hadi ya sita vidoti vya kijani vitajitokeza juu ya jani, kila kimoja ni mche. Vikifika nusu sentimita na kuota kizizi, hamishia kwenye kopo na ufunike kwa plastiki angavu wiki mbili, ukifungua kidogo zaidi kila siku.

Mbegu ni kama vumbi jeusi. Nyunyiza juu bila kufukia, maana zinahitaji mwanga. Huota wiki ya pili hadi ya tano. Bua likianza kukauka likate mapema, la sivyo makopo yako yote yataota drosera. Mabaki na maji ya utrikularia ya majini usimwage kwenye mitaro, yote inaishia ziwani, na ziwa hili lilishapata magugu maji yaliyoanza kama maua ya bustani.

Dalili na sababu zake

Majani mapya yanatoka mafupi, yamepinda, bila gundi: kagua kitovu kwa lenzi. Vidukari hujificha hapo. Zamisha kopo zima kwenye ndoo ya maji ya mvua saa 24 hadi 48. Sabuni usitumie kwenye drosera.

Ncha zote zinakuwa nyeusi kwa wakati mmoja, na kuna ukoko mweupe mdomoni mwa kopo: chumvi. Suuza kwa lita mbili za maji ya mvua mara tatu, au badilisha mchanganyiko. Badilisha hata bila dalili kila baada ya mwaka mmoja au mmoja na nusu.

Jani la zamani moja moja linakauka chini: kawaida. Kata.

Kitovu kimekuwa laini, kahawia, kinanuka: kuoza. Toa mmea, kata hadi penye weupe, punguza maji ya beseni, ongeza upepo.

Mmea mzima umekauka juu baada ya kusahauliwa bila maji: kwa D. capensis, kata majani yote, weka kopo kwenye sentimita moja ya maji na usubiri wiki nne hadi nane, mara nyingi huchipua kutoka mizizini. Usipochipua kwa miezi miwili, tupa mmea na mchanganyiko wake pamoja. Usiutumie tena kwa mmea mwingine kama huna uhakika wa kilichoua, huenda bado kimo humo.